Kusoma sifa za wijeti katika Tkinter, na kitufe kilichonidanganya

Miezi michache iliyopita nilitengeneza programu ndogo kwa ajili ya kikundi cha VICOBA, yaani cha kuweka na kukopeshana fedha, cha akina mama wa mtaa wetu, Tabata, ili waachane na daftari la hisa ambalo kurasa zake zilikuwa zimeanza kuchomoka. Programu yenyewe si kubwa: dirisha moja, kisanduku cha kuandikia namba ya mwanachama, kingine cha idadi ya hisa, jedwali la waliokwisha kulipa siku hiyo, na kitufe kimoja kilichoandikwa "Hifadhi". Vipande kama hivi vya dirisha ndivyo huitwa wijeti, na mipangilio ya kila kimoja, kama maandishi au upana, ndiyo sifa zake. Niliiandika kwa Python na Tkinter, maktaba ya kutengenezea madirisha ambayo kwa kawaida huja pamoja na Python, ingawa kwenye Ubuntu, aina mojawapo ya mfumo wa Linux, ambayo ndiyo iliyomo katika kompyuta kuukuu ya mhazini, huna budi kuongeza kifurushi cha python3-tk.

Jumamosi ya tatu mhazini akanipigia simu. Nilimwamkia, akaitikia haraka haraka, kisha akasema: "Mwanangu, kompyuta inasema huyu mama ameleta elfu 20, na sandukuni tumehesabu mara mbili mbele ya watu, ni elfu 10." Hisa yao ni shilingi 2,000, na mwanachama huyo alinunua hisa 5. Sanduku lenye kufuli 3 halikosei hesabu, kwa hiyo aliyekosea ni mimi. Nilipofungua faili nikakuta mstari wa mama yule umeandikwa mara mbili, ukipishana na mwenzake kwa sekunde moja.

Nilikuwa nimelifikiria jambo hilo tangu mwanzo, au ndivyo nilivyodhani. Kila malipo yalipohifadhiwa, risiti ilibaki kwenye skrini kwa sekunde 3 kabla fomu haijasafishwa, na katika sekunde hizo kitufe cha Hifadhi nilikizima kwa mstari huu:

kitufe.state(["disabled"])

Kwa kuwa nilijua mhazini hapendi kipanya, niliifunga pia Enter ya kibodi kwenye dirisha zima ili ifanye kazi ileile ya kitufe, na mbele yake nikaweka ulinzi:

if str(kitufe["state"]) == "normal":
    hifadhi()

Ukiusoma msimbo huo haraka huoni kasoro. Kitufe kinafifia na kuwa cha kijivu, ukikibofya kwa kipanya hakiitikii, na mtu yeyote anayekitazama atasema kimezimwa. Ila ukikiuliza kwa njia niliyoitumia mimi, kitaendelea kukujibu "normal" huku kimefifia mbele ya macho yako, na Enter ya pili itapita bila kizuizi. Nilikaa nacho karibu saa nzima nikidhani kosa liko kwenye faili, kwenye saa ya kompyuta, hata kwenye vidole vya mhazini, Mungu anisamehe.

Maelezo rasmi ya wijeti za kundi la Ttk, kundi jipya zaidi ndani ya Tkinter ambalo kitufe changu kinatoka humo, yanalisema jambo hili waziwazi, kwa sentensi ambayo nilikuwa nimeipita mara nyingi bila kuizingatia. Yanasema kwamba chaguo la state kwenye wijeti hizo ni la kuandika tu: ukiliandika, hali ya wijeti hubadilika, lakini ukiibadilisha hali yenyewe kwa amri ya state, chaguo hilo halifuati. Linabaki na neno la mwisho uliloliandika, au neno lake la kuzaliwa kama hukuwahi kuliandika. Tuna sifa, basi, ambayo inasomeka, hairudishi kosa lolote, na jibu lake halina uhusiano wa lazima na kilichopo kwenye skrini.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiona kwamba kusoma sifa ya wijeti ni kuuliza mojawapo ya maswali mawili yanayofanana sana kwa sura: niliagiza nini, na kuna nini. Daftari la fundi cherehani lina kipimo cha kiuno ulichopimwa mwezi uliopita, nayo suruali ina kiuno chake ilichoshonewa. Mara nyingi namba hizo mbili hulingana, na ndiyo sababu mtu husahau kwamba ni mbili. Tkinter ina mlango wa kila swali, na tatizo ni kwamba mlango wa swali la kwanza ndio ulio karibu na ndio unaofundishwa kwanza.

Mlango huo unaitwa cget. Ukiandika lebo.cget("text") au lebo["text"], utapata jibu lilelile, maana namna ya pili ni mkato wa ile ya kwanza. Ukitaka orodha ya majina ya sifa zote ambazo wijeti inazo, lebo.keys() itakupa. Na ukiita lebo.configure() bila kuipa chochote, utarudishiwa kamusi nzima ambamo kila sifa ina kifungu cha vitu 5: jina lake, jina lake katika hazina ya mipangilio, daraja lake katika hazina hiyo, thamani ya chaguo-msingi, na thamani ya sasa. Baadhi ya vifungu vitakuwa na vitu 2 tu, kwa mfano bd, ambayo ni jina la mkato la borderwidth na haina thamani yake peke yake.

Thamani ya chaguo-msingi kukaa jirani na thamani ya sasa ni neema ambayo watu wengi hawaitumii. Mimi siku hizi kila programu yangu ya Tkinter ina fanksheni hii, nayo imeniokolea muda mwingi kuliko kitu kingine chochote nilichokiandika mwaka huu:

def chunguza(wijeti):
    for habari in wijeti.configure().values():
        if len(habari) == 5 and str(habari[3]) != str(habari[4]):
            print(habari[0], habari[4])

Inachapisha sifa zile tu ambazo zimebadilishwa kutoka kwenye chaguo-msingi, hivyo badala ya kusoma mistari karibu 30 kwa lebo moja unasoma mitatu au minne. Nimeifunga kwa bind_all kwenye tukio la Control-Button-1, kwa hiyo wakati wa kutengeneza programu nashikilia Control, nabofya wijeti yoyote dirishani, na sifa zake zinatoka kwenye terminali. Kabla ya kumkabidhi mtu programu naiondoa.

Majibu ya cget yana tabia nyingine inayowashangaza wageni, na ili kuielewa inabidi kujua Tkinter imejengwa juu ya nini. John Ousterhout alianza kutengeneza lugha ya Tcl mwaka 1988 akiwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kisha akatengeneza Tk, vifaa vya madirisha vinavyoendeshwa kwa lugha hiyo. Tkinter ni daraja linalounganisha Python na Tk: ndani ya programu yako ya Python kuna mkalimani wa Tcl anayefanya kazi kimyakimya, na kila unapogusa wijeti, ombi lako hugeuzwa kuwa amri ya Tcl. Na katika Tcl kila thamani inaweza kuandikwa kama maandishi. Kwa hiyo ukiikabidhi wijeti kitu cha Python, kinachohifadhiwa upande wa pili si kitu chenyewe bali jina lake.

Ndiyo maana kitufe["command"] hakikurudishii fanksheni uliyoiweka, bali maandishi yenye tarakimu nyingi zikifuatwa na jina la fanksheni hiyo. Ukisoma sifa ya image ya lebo yenye picha unapata "pyimage1", si picha. Ukisoma textvariable unapata "PY_VAR0" au mfano wake, si kigeu chenyewe, ingawa jina hilo linatosha kukifikia kwa getvar. Na mara nyingine, hasa kwa wijeti za Ttk na kwa sifa za vipimo kama vile padx, jibu huja likiwa kitu cha aina ya Tcl_Obj, ambacho ukikichapisha kinaonekana kama neno la kawaida lakini ukikilinganisha na neno la Python kwa alama mbili za usawa, jibu ni kwamba havilingani. Kwa sababu hiyo nilikizungushia str kile nilichokisoma katika ulinzi wangu wa awali. Tahadhari hiyo niliikumbuka, nikajipongeza, na nikaacha shimo kubwa zaidi pembeni yake.

Nisipoisema hii ya Entry nitakuwa nimemnyima msomaji kichekesho. Kisanduku cha kuandikia hakina sifa ya text. Maandishi aliyoyaandika mtumiaji si mpangilio wa wijeti bali ni yaliyomo ndani yake, nayo husomwa kwa get. Anayejifunza hujaribu kisanduku["text"] akitarajia ama maandishi ama kosa, na hapati lolote kati ya hayo. Anapata maandishi matupu. Sababu ni kwamba Tk hukubali jina la sifa likiwa limefupishwa mradi lisigongane na jingine, na kwa Entry neno text ni ufupisho halali wa textvariable. Umeuliza jina la kigeu kilichounganishwa na kisanduku, hakuna kigeu, ukajibiwa kwa uaminifu kabisa. Kwa wijeti kubwa ya Text mambo ni mengine kidogo, kwani get yake inataka mwanzo na mwisho, na ukiomba kutoka "1.0" hadi "end" utapewa na alama moja ya mstari mpya ambayo mtumiaji hakuiandika, ukisema "end-1c" inaondoka.

Swali la pili, la kuna nini, lina milango mingi, na mingi kati ya hiyo imeanza kwa herufi winfo. Mfano mzuri ni upana. Niliipa lebo ya jina la mwanachama width ya 20. Ukiisoma kwa cget unapata 20, ukiisoma kwa winfo_width unapata, kwenye kompyuta yangu, 164. Hakuna aliyekosea. Kwa lebo yenye maandishi, width huhesabiwa kwa herufi, na herufi inayotumika kupimia ni tarakimu 0 ya fonti ya lebo hiyo. Kwangu sifuri moja ina pikseli 8, hivyo 20 ni 160, na pikseli 4 zilizobaki ni za ukingo na nafasi ya pembeni. Lebo hiyohiyo ukiiwekea picha, namba ileile 20 itahesabiwa kwa pikseli. Na kama hukuweka width kabisa, cget itakujibu 0, maana yake "jitoshee mwenyewe", jambo ambalo halikusaidii chochote ikiwa unataka kuweka kitu kingine kando yake.

Hata winfo_width ina wakati wake wa kuulizwa. Ukiiuliza mara tu baada ya kutengeneza wijeti, itakujibu 1. Nimeona watu wakiongeza 1 hiyo kwenye hesabu zao na kushangaa kwa nini dirisha linaangukia kulia na chini badala ya kukaa katikati ya skrini. Tk haipangi wijeti papo hapo. Hukusanya kazi za kupanga na kuzifanya programu inapopata nafasi ya kupumua, na kabla ya hapo hakuna upana wa kweli wa kukusomea. Ukiita update_idletasks kwanza, mpangilio unafanyika na namba zinakuwa na maana. Kama unachotaka ni kujua wijeti inahitaji nafasi kiasi gani, na si kiasi gani imepewa, winfo_reqwidth ndiyo ya kuuliza, na ndiyo ninayoitumia ninapoweka dirisha katikati.

Rangi nazo ziko hivyo. Sifa ya bg ya lebo ya kawaida kwenye Linux inasomeka "#d9d9d9", lakini programu ileile ukiipeleka Windows inasomeka "SystemButtonFace", jina ambalo ni sahihi ingawa huwezi kulifanyia hesabu. Winfo_rgb inalichukua jina lolote ambalo Tk inalijua na kukupa namba 3 za nyekundu, kijani na bluu, kila moja kati ya 0 na 65535. Ile kijivu ya Linux inatoka 55769 mara tatu. Anayetarajia namba zinazoishia 255 agawanye kwa 257.

Wijeti za Ttk zimeongeza tabaka jingine juu ya hayo yote. Zilikuja na Tk 8.5 mwaka 2007, na wazo lake ni zuri: rangi, fonti na kingo zisiandikwe kwenye kila kitufe, ziandikwe mahali pamoja kwenye mtindo. Matokeo yake ni kwamba ukiuliza kitufe cha Ttk rangi yake ya nyuma kwa cget hupati jibu tupu, unapata kosa la TclError linalosema kwamba chaguo hilo halijulikani. Kitufe hakina rangi. Mtindo wake ndio wenye rangi, na kuusoma kunahitaji hatua mbili: kwanza jina la mtindo, ambalo ni sifa ya style ya kitufe au, ikiwa tupu, jibu la winfo_class, yaani "TButton", kisha Style().lookup kwa jina hilo na sifa unayoitaka. Lookup inapokea pia hali, kwa sababu kitufe kilichofifia kina rangi nyingine na kilichopitiwa na kipanya kina nyingine.

Hapo ndipo lilipo jibu la Enter ya mhazini. Hali ya wijeti ya Ttk ni kundi la bendera, si neno moja, na husomwa kwa kuita state bila kitu ndani ya mabano, au kwa instate, ambayo huuliza bendera fulani na kujibu ndiyo au hapana. Ulinzi wangu ulitakiwa kuwa hivi:

if kitufe.instate(["!disabled"]):
    hifadhi()

Niliubadilisha, nikaujaribu, ukafanya kazi. Kisha nikaufuta. Kadiri nilivyoutazama ndivyo nilivyozidi kuona kwamba jambo la "malipo haya yamekwisha hifadhiwa" halina sababu ya kukaa kwenye kitufe hata kama kitufe kinalijibu kwa usahihi. Kesho nitabadilisha kitufe kiwe picha, au nitaongeza njia ya tatu ya kuhifadhi, na hesabu ya akina mama itategemea tena kama nimekumbuka kusoma bendera. Sasa kuna kigeu kimoja cha kawaida ndani ya programu, kinachosema kama fomu inangoja au imekwisha, na fanksheni ya hifadhi inakiangalia yenyewe kabla ya kufanya chochote. Kitufe kinafuata kigeu hicho, hakiulizwi. Wapo wanaopenda kusoma kila kitu kutoka kwenye wijeti kwa sababu msimbo unakuwa mfupi, na kwa kikokotoo cha kujifunzia sina ugomvi nao, lakini kwa fedha za watu naona ni uzembe.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda mwenyewe. Mhazini aliandika namba ya mwanachama, akaandika 5, akabonyeza Enter mara tatu kwa nguvu huku akinitazama mimi badala ya skrini. Mstari mmoja. Akafuta, akarudia, mstari mmoja. Kisha akasema jambo ambalo nadhani alikuwa nalo tangu wiki ya kwanza: "Haya, sasa niongezee maandishi. Yasiwe makubwa sana, yazidi kidogo tu haya ya sasa."

Kuzidisha cha sasa ni kwanza kukisoma. Sifa ya font ya lebo zangu za Ttk ilikuwa tupu, kama nilivyotarajia. Lookup ya "TLabel" ikanipa "TkDefaultFont", ambalo nalo ni jina. Nikalipeleka kwa nametofont, na hapo nikawa na fonti yenyewe mkononi, ambayo nayo, sikushangaa tena, ina milango miwili: cget inasema umeomba fonti gani, actual inasema umepewa ipi, na ukiomba fonti ambayo haimo kwenye kompyuta majibu hayo yanatofautiana. Actual ikasema ukubwa ni 10. Nikaandika 13, na kwa kuwa fonti yenye jina hutumiwa na wijeti nyingi kwa pamoja, lebo zote, kitufe na jedwali vikakua mara moja bila kuguswa kimoja kimoja.

Visanduku vya kuandikia vilibaki vidogo, kwa sababu hivyo hutumia TkTextFont, kwa hiyo nikarudia hatua zilezile kwa jina hilo. Mistari ya jedwali nayo ikaanza kukatwa vichwa, maana urefu wa mstari katika Treeview, wijeti ya jedwali, haukufuata fonti. Nikasoma linespace ya fonti, yaani urefu wa mstari mmoja wa maandishi, kwa metrics, nikaongeza pikseli 6, nikaiandika kama rowheight ya mtindo wa "Treeview". Mhazini akasogeza kiti nyuma, akavua miwani, akasoma majina ya wanachama kuanzia juu hadi chini kwa sauti, na alipofika kwa yule mama wa elfu 10 akamwita aje aone mwenyewe.